Je, Wajua? Katiba kwa Wino, Kutoka Nyamigogo Hadi Dodoma

Je, wajua kwamba mwaka 2013 kata ya Nyamigogo wilayani Biharamulo, sawa na kila kata ya Tanzania Bara nje ya Dar es Salaam, ilitakiwa kutoa watu wanne wa kuichambua Rasimu ya Katiba? Mtu mzima mmoja, mwanamke mmoja, kijana mmoja, na wa nne yeyote yule. Diwani aliingia kwa cheo chake. Kata za Dar es Salaam zilipewa wanane wanane, kwa sababu ya wingi wa watu. Waliochaguliwa walikaa kwenye Baraza la Katiba la wilaya, rasimu mkononi, ibara kwa ibara. Sharti mojawapo lilikuwa kujua kusoma na kuandika, sharti lenye uzito wake vijijini, maana hekima na kalamu havikai kila mara kwa mtu mmoja.

Je, wajua majina hayo yalipatikanaje? Wanakijiji walipiga kura kwanza, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata ikachuja mpaka wakabaki wanne. Malalamiko ya nchi nzima yalianzia hapo kwenye kuchuja. Kamati ya kata imejaa wenyeviti wa vijiji, na mwenyekiti wa kijiji ana kadi ya chama. Asasi za kiraia zilipiga kelele, lakini mabaraza yalianza Julai na mapema Septemba yakawa yameisha.

Je, wajua kwamba ambaye hakubahatika kuingia barazani naye alikuwa na njia? Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba ilikuwa imekwisha kupokea maoni kwenye mikutano ya hadhara, kwa barua za posta, kwa ujumbe wa simu na kwa mtandao. Watu zaidi ya laki tatu walitoa ya moyoni mwao. Taasisi ziliruhusiwa kuunda mabaraza yao na kupeleka maoni kwa maandishi. Kwa wingi huo, hakuna mjadala wa kisiasa uliowahi kuandikwa na watu wa kawaida nchini mwetu kama ule.

Je, wajua kwamba kiangazi hichohicho cha 2013 mkoa wa Kagera ulikuwa na hofu nyingine kabisa? Julai, Rais Jakaya Kikwete alifanya ziara mkoani na kuwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke kwa hiari. Septemba 6 ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma. Hesabu tarehe mwenyewe: mabaraza ya Katiba yamefungwa Septemba mwanzoni, siku chache baadaye malori ya operesheni yako barabarani. Dar es Salaam watu walikuwa wakigombania muundo wa Muungano, serikali mbili au tatu. Huku Biharamulo na Ngara, ambako ndugu wa upande wa mama wanaweza kuwa Burundi na wa upande wa baba Karagwe, sura iliyosomwa kwa macho makavu ilikuwa ile ya uraia. Nimeona makala nyingi za mjadala ule zilizoandikwa mijini. Chache mno ziligusa jambo hilo, na hiyo ni aibu ya waandishi wa mijini, nami nimo humo.

Je, wajua kwamba mpaka wenyewe wa Ngara ni kazi ya barua? Mwaka 1919 Mbelgiji Pierre Orts na Mwingereza Lord Milner waligawana koloni la Mjerumani la Afrika Mashariki kwa mapatano yanayobeba majina yao. Waingereza walijichukulia Gisaka, mashariki ya Rwanda, kwa ndoto ya reli ya kutoka kusini hadi kaskazini mwa Afrika. Mmisionari Léon Classe, aliyekuwa askofu wa Rwanda, akashika kalamu kuwaandikia wakubwa wa Ulaya kwamba Rwanda imekatwa vipande. Shirikisho la Mataifa lilisikia, na Gisaka ikarudi Rwanda katika miaka ya 1923 na 1924. Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya Ngara na zamani ilikuwa chini ya Mwami wa Burundi, haikurudi. Ndiyo maana Mhangaza, mwenyeji wa Bugufi, leo ni Mtanzania.

Je, wajua kwamba majimbo mawili ya jirani hapa yalikuwa na wabunge wa pande mbili katika Bunge Maalumu la Katiba, lililoijadili rasimu mwaka 2014? Wabunge wote wa Muungano waliingia humo moja kwa moja. Ngara ilikuwa na Deogratias Ntukamazina wa CCM. Biharamulo Magharibi ilikuwa na Dk. Anthony Mbassa wa CHADEMA, chama kilichokuwa nguzo ya UKAWA, umoja wa wapinzani waliotetea rasimu ya Warioba.

Je, wajua kwamba mzozo wa kwanza mkubwa wa Bunge lile, Februari 2014, ulihusu posho? Wajumbe walipangiwa shilingi 300,000 kwa siku, na baadhi wakasimama kusema haitoshi. Mwenyekiti wa muda, Pandu Ameir Kificho, akalazimika kuunda kamati ya kuliangalia jambo hilo. Magazeti yalifurahi. Barua za wasomaji wiki ile hazikuhitaji mhariri wa kuzitia pilipili.

Je, wajua nani alikuwa makamu mwenyekiti wa Bunge Maalumu, chini ya Samuel Sitta? Samia Suluhu Hassan.

Je, wajua kwamba tume tatu tofauti, kwa nyakati tatu, zimeiandikia Serikali kwamba muundo unaofaa ni wa serikali tatu? Ya Jaji Francis Nyalali mwaka 1992, ya Jaji Robert Kisanga mwaka 1999, na ya Jaji Warioba mwaka 2013. Mara zote tatu jibu lilikuwa hapana. Rais Benjamin Mkapa hakusubiri hata siku zipite: alimpinga Kisanga hadharani. Kikwete alilihutubia Bunge Maalumu Machi 21, 2014, siku tatu tu baada ya Warioba kuiwasilisha rasimu, akaichambua hoja ya serikali tatu kwa kirefu, naye ndiye aliyeiteua tume. Mimi naona ajabu iko kwa watawala zaidi kuliko kwa majaji: kwa nini uendelee kumuuliza fundi yuleyule swali lilelile kama jibu lake hulitaki?

Je, wajua kwamba Tume ya Nyalali ilikwenda kinyume cha wengi, na tukaishukuru? Karibu asilimia 80 ya waliohojiwa walisema chama kimoja kiendelee. Tume ikashauri vyama vingi. Ripoti hiyohiyo iliorodhesha sheria 40 za ukandamizaji zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa, na miaka mingi baadaye wanasheria walikuwa bado wanaikariri orodha ile kwa sababu kazi ilikuwa haijaisha.

Je, wajua kwamba kijitabu kimoja kilibadili mkondo wa mjadala wa Katiba kuliko hotuba zote za Bunge? Tuanze mwanzo. Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya nchi za Kiislamu, OIC. Baadhi ya wabunge wa Bara wakasema: kama Zanzibar inaweza kujiamulia mambo ya nje, Tanganyika nayo irudi na serikali yake. Wakaitwa G55, kwa idadi yao, mtoa hoja akiwa Njelu Kasaka. Agosti 1993 Bunge la chama kimoja, wabunge wa CCM watupu, lilipitisha hoja ya Serikali ya Tanganyika bila upinzani wa maana. Hebu fikiria: chama ambacho sera yake ni serikali mbili kimepitisha serikali tatu, na Waziri Mkuu yupo ukumbini.

Mwalimu Nyerere hakuwa Rais tena wala mwenyekiti wa chama. Alichokuwa nacho ni kalamu. Akaandika "Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania", kikatolewa mwaka 1994 na Zimbabwe Publishing House ya Harare. Hakuwazungukia watu: aliwataja kwa majina Waziri Mkuu John Malecela na Katibu Mkuu wa CCM Horace Kolimba, akawalaumu kwa kulea jambo lililo kinyume cha sera ya chama chao. Agosti 1994 Bunge liligeuza uamuzi wake. Kabla mwaka haujaisha Malecela na Kolimba walikuwa wamepoteza nafasi zao, na Cleopa Msuya akawa Waziri Mkuu. Hata asiyekubaliana na hoja za kitabu kile, na mimi sikubaliani nazo zote, atakiri kwamba ni mfano adimu wa mtu kushinda vita ya kikatiba kwa kurasa chache zilizochapwa nje ya nchi.

Je, wajua kwamba ndani ya G55 alikuwamo mwandishi mwenye asili ya mkoa wa Kagera? Jenerali Ulimwengu, mwanzilishi mwenza wa gazeti la Rai na baadaye Raia Mwema, ambaye safu yake ya kila wiki ilikuwa darasa la siasa kwa miaka mingi. Mwaka 2001 Serikali ilitangaza kwamba si raia. Pamoja naye walitajwa watu wengine watatu, akiwemo Anatory Amani, mwanasiasa wa CCM hapahapa Kagera, ambaye baadaye alikuja kuwa Meya wa Bukoba. Ulimwengu alipata uraia wa kuandikishwa, akaendelea kuandika.

Je, wajua kwamba Ulimwengu hakuwa wa mwisho kuulizwa uraia wake? Askofu Severine Niwemugizi anaongoza Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara, jimbo ambalo wilaya zetu mbili zimo, na aliwahi kuwa rais wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Mwaka 2017 alisema hadharani kwamba nchi inahitaji Katiba mpya, wakati ambapo viongozi wa Serikali walikuwa wanasema hicho si kipaumbele. Baadaye mwaka huohuo ikajulikana kwamba maofisa wa Uhamiaji wamemwita na kumhoji kuhusu uraia wake. Mwenyewe alithibitisha. Sitaki kuunganisha nyuzi ambazo hazijaunganishwa na mahakama. Nasema tu kwamba katika ukanda huu wa mpakani mtu akiandika au kusema kuhusu Katiba, wapo wasomaji watakaouliza kwanza babu yake alizaliwa ng'ambo ipi ya mto Ruvubu.

Je, wajua kwamba mchango wa Kagera kwenye mjadala wa Katiba ni wa zamani kuliko TANU? Mwaka 1949 Gavana Edward Twining aliunda kamati ya kuangalia maendeleo ya kikatiba ya Tanganyika. Mwaka uliofuata TAA, chama kilichoitangulia TANU, ilipeleka maoni yake kwa maandishi. Rais wa TAA wakati huo alikuwa Dk. Vedasto Kyaruzi, daktari kutoka Bukoba, na katibu wake Abdulwahid Sykes. Wakoloni hawakumjibu kwa hoja. Walimhamisha, kwanza hospitali ya gereza la Kingolwira karibu na Morogoro, kisha Nzega, ambako Dar es Salaam isingemsikia vizuri. Nchi ilipopata uhuru ndiye aliyekwenda kuwa balozi wake wa kwanza Umoja wa Mataifa.

Je, wajua kwamba Januari 22, 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa? Mwaka huo ulikuwa wa vijitabu: "Ujamaa" na "Tujisahihishe" vyote ni vya 1962. Wakati yeye anaandika na kuzunguka matawini, Serikali ilitoa waraka wa mapendekezo ya Jamhuri. Desemba 9 nchi ikawa Jamhuri, na mwandishi wa vijitabu akaingia Ikulu akiwa Rais, mwenye madaraka makubwa kuliko aliyoyaacha.

Je, wajua kwamba Bunge la Tanganyika liliridhia Hati za Muungano kwa kikao cha siku moja? Nyerere na Abeid Karume walitia saini Zanzibar Aprili 22, 1964. Jumamosi ya Aprili 25 wabunge wakaridhia. Siku iliyofuata Muungano ukaanza. Hati zenyewe ni fupi, mambo ya Muungano yakiwa 11. Yameongezeka hadi 22, na Tume ya Warioba ilipendekeza yarudi hadi saba.

Je, wajua kwamba Hati hizo ziliahidi Bunge la Katiba ndani ya mwaka mmoja? Mwaka 1965 ikatungwa sheria ya kuahirisha. Bunge hilo lilikutana mwaka 1977.

Na lilipokutana, halikukawia. Kamati ya watu 20 iliyoandika Katiba ya CCM, mwenyekiti Thabit Kombo, katibu Pius Msekwa, ndiyo iliyogeuzwa kuwa tume ya kuandika Katiba ya nchi. Watu walewale 20. Wajumbe walipitisha Aprili 25, 1977, mjadala wenyewe ukiwa wa saa chache. Hakuna barua za wasomaji, hakuna kijitabu cha upinzani, hakuna mchungaji aliyetoa waraka. Katiba tunayoitumia hadi leo ndiyo iliyoacha karatasi chache kuliko zote.

Je, wajua kwamba andiko ambalo halijatumwa liliwahi kumng'oa Rais wa Zanzibar? Aboud Jumbe, mwaka 1983, alikuwa ameandaliwa na mwanasheria wake mkuu, Bashir Swanzy kutoka Ghana, hoja za kisheria za kupinga jinsi Muungano unavyoendeshwa. Zilikusudiwa Mahakama Maalumu ya Katiba, chombo kilichoandikwa ndani ya Katiba ya 1977 na ambacho hakijawahi kuketi. Kabla hazijatumwa, karatasi zikatoweka ofisini Zanzibar zikaibukia mikononi mwa Nyerere. Januari 1984, katika kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM mjini Dodoma, Jumbe alisomewa hoja zake mwenyewe. Alijiuzulu nyadhifa zote, na miaka kumi baadaye akaandika kitabu chake kuhusu miaka 30 ya Muungano. Historia yetu ya Katiba ina wezi wa karatasi pia, na huyu hajawahi kutajwa mahakamani.

Je, wajua kwamba mwezi Aprili 2014, miaka 50 baada ya saini, Serikali ililazimika kuwaonyesha waandishi wa habari Hati ya Muungano? Wajumbe wa Bunge Maalumu walikuwa wamesema wazi kwamba hawaamini kama ipo. Siku hizohizo, Aprili 16, UKAWA walitoka ukumbini, na hawakurudi.

Je, wajua kwamba mjumbe mmoja wa Tume ya Warioba hakuiona Rasimu ya Pili? Dk. Sengondo Mvungi, mwanasheria na mhadhiri, alivamiwa na majambazi nyumbani kwake, akapelekwa Afrika Kusini kwa matibabu, akafariki Novemba 2013. Rasimu ya Pili ilikabidhiwa Desemba 30.

Je, wajua kwamba kura ya mwisho Dodoma ilihitaji theluthi mbili za wajumbe wa Bara na theluthi mbili za wajumbe wa Zanzibar, kila upande peke yake? Ndiyo maana kila mjumbe wa Zanzibar alikuwa dhahabu. Kanuni zikabadilishwa ili hata wajumbe waliokuwa Makka kwa Hijja waweze kupiga kura wakiwa hukohuko. Waliobishana kuhusu kura ya wazi au ya siri wakapewa zote mbili, kila mjumbe achague.

Je, wajua nani alichagua ya wazi na kusema hapana? Othman Masoud Othman, Mwanasheria Mkuu wa Serikali ya Zanzibar. Alisimama mbele ya wote akakataa baadhi ya ibara. Oktoba 2014 Rais Ali Mohamed Shein alimwondoa kwenye nafasi yake. Mwaka 2021 akawa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar.

Je, wajua kwamba Machi 2015 tamko moja la kanisa liliitikisa kura ya maoni kabla haijapigwa? Jukwaa la Wakristo Tanzania, linalokusanya Wakatoliki, makanisa ya CCT na Wapentekoste, liliwataka waumini kuisoma Katiba Inayopendekezwa, ile iliyotoka Bunge Maalumu, na kupiga kura ya hapana. Moja ya sababu ilikuwa suala la Mahakama ya Kadhi, lililokuwa limeletwa kwa muswada pembeni. Kardinali Polycarp Pengo akatofautiana nao hadharani: waumini ni watu wazima, wasome na kuamua wenyewe. Ni mara chache sana tumewaona maaskofu wakijibizana mbele ya kondoo.

Je, wajua kuhusu barua iliyokanwa na wenyewe? Pasaka ya 2018 maaskofu wa KKKT walitoa waraka uitwao "Taifa Letu, Amani Yetu", wakigusia pamoja na mengine haja ya Katiba mpya. Muda si mrefu ikavuja barua ya ofisi ya Msajili wa Vyama, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, ikiwataka waufute waraka ndani ya siku kumi. Kelele zilipozidi, Waziri Mwigulu Nchemba akajitokeza Juni kusema barua ile ni batili, na msajili akasimamishwa kazi. Waraka haukufutwa. Kagera inaufuata mjadala wa namna hii kwa karibu kwa sababu nyingine pia: Askofu Dk. Benson Bagonza wa Dayosisi ya Karagwe ni miongoni mwa waandishi wa insha za kisiasa wanaosomwa sana nchini, na simu nyingi huku zinapokea makala zake kabla magazeti hayajafika.

Je, wajua kwamba Uganda iliwahi kupata Katiba kupitia visanduku vya barua? Aprili 15, 1966 Milton Obote aliwaambia wabunge waipitishe kwanza, nakala wangezikuta kwenye visanduku vyao. Wakapitisha. Ya 1967 iliyofuata ilijadiliwa, hata kwenye jarida la Transition la Kampala, lililohaririwa na Rajat Neogy. Abu Mayanja, mbunge na mwanasheria, aliandika humo kuikosoa mistari ya mapendekezo ya Serikali, na wa upande wa Serikali, Picho Ali, akamjibu. Mwaka 1968, baada ya barua nyingine ya Mayanja iliyogusa mahakama, yeye na Neogy walikamatwa. Mahakama iliwaachia, polisi wakawarudisha kizuizini. Robo karne baadaye Tume ya Jaji Benjamin Odoki ilipokea maandiko zaidi ya 25,000 kutoka kwa wananchi kabla ya Katiba ya 1995. Nadhani hofu ya visanduku vile ilichangia.

Je, wajua kwamba Wanjiku wa Kenya alichorwa na Mtanzania? Rais Daniel arap Moi alipouliza kwa kejeli kama mwanamke wa kawaida, Wanjiku, anaelewa lolote kuhusu Katiba, mchoraji Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alimpa Wanjiku sura, na mama yule akawa ndiye mwenye Katiba. Mwaka 2005 akina Wanjiku walikataa rasimu, asilimia 58 hivi, chungwa likiishinda ndizi kwenye karatasi ya kura. Agosti 4, 2010 wakakubali nyingine kwa zaidi ya theluthi mbili.

Je, wajua kwamba Wamarekani waliobishana kuhusu Katiba yao walificha majina yao? Makala 85 za kuitetea zilianza kutoka magazetini New York Oktoba 27, 1787 kwa jina la bandia, Publius. Nyuma yake walikuwa Alexander Hamilton, aliyeandika 51, James Madison 29, na John Jay tano, kwa kuwa aliugua. Wapinzani nao walijiita Brutus na Cato. Thomas Jefferson alikuwa Paris, akibishana na Madison kwa barua zilizochukua wiki kadhaa baharini, akidai orodha ya haki za raia. Aliipata baadaye. Sisi tuliingiza ya kwetu mwaka 1984, na hakuna aliyeruhusiwa kuitumia mahakamani mpaka 1988.

Je, wajua kwamba jimbo pekee la Marekani lililowauliza wananchi moja kwa moja ni Rhode Island? Machi 1788 waliosema ndiyo hawakufika 250, waliosema hapana walizidi 2,700. Mwaka 1790 mkutano wa wajumbe ukaipitisha kwa kura 34 dhidi ya 32.

Je, wajua kwamba tangu 2003 mtu wa Ngara ameshuhudia kura za Katiba nne bila kuvuka mpaka? Rwanda, ng'ambo ya daraja la Rusumo, walipiga 2003 na 2015. Burundi, ng'ambo ya Kabanga, walipiga 2005 na 2018. Ile ya Rwanda ya 2015 ilitanguliwa na maombi ya maandishi ya watu zaidi ya milioni 3.7 waliotaka ukomo wa vipindi vya urais ubadilishwe, na karatasi zikafikishwa bungeni Kigali. Ukubwa wa rundo la barua hauonyeshi zimeandikwaje, na hilo kila msomaji wa barua za wasomaji analijua. Zanzibar nao walipiga yao Julai 31, 2010 kuhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa, wakakubali kwa asilimia 66. Tanzania Bara haijawahi kupiga kura ya maoni kuhusu Katiba yoyote.

Je, wajua kwamba Aprili 30, 2015 ilikuwa Alhamisi? Ndiyo siku iliyopangwa kwa wananchi kuipigia kura Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa Dodoma Oktoba 2, 2014 na kukabidhiwa kwa Rais siku sita baadaye. Aprili 2 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jaji Damian Lubuva, alitangaza kwamba uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine mpya haujakamilika, hivyo kura inaahirishwa. Tarehe nyingine ingetangazwa.